Upepo Uliokuwa kwenye Breki

Jumamosi moja ya Julai 2014, saa tatu asubuhi, Manirambona alitandika kadibodi chini ya Landrova kuukuu nyuma ya nyumba yake mjini Kibondo, akaingia chali. Alikuwa na spana, chupa ya maji yenye mafuta ya breki kidogo, na mpira wa dripu. Gari lilikuwa la mwaka sabini na nne, alilinunua mnadani Kasulu. Zamani lilibeba wagonjwa wa shirika moja la misaada ambalo sasa limeondoka. Pedali ya breki ilipoanza kuzama, wenye shirika walilisimamisha uani kwao, likakaa miaka sita.

Kutoa upepo kwenye breki ni kazi ya watu wawili: mmoja akanyage, mwingine afungue nati. Manirambona alikuwa fundi, tena mgane asiyependa kuomba msaada. Alianza na gurudumu la nyuma kushoto, lililo mbali zaidi na pedali. Alichomeka mpira kwenye nati, akazamisha ncha yake ya pili kwenye mafuta chupani ili hewa isirudi, akalegeza nati, akapanda, akakanyaga polepole. Kisha akashuka kuangalia.

Kiputo cha kwanza kilipanda chupani, kikapasuka, kikasema kwa sauti ya mwanamke: "Tunaomba gari. Nyabibuye. Uchungu umemshika tangu jana."

Manirambona alifuta mikono, akangoja cha pili.

"Tunaomba gari. Mtoto ana homa, amekakamaa."

Cha tatu kilikuwa cha mzee aliyesema Kiha, akataja jina lake mara mbili, kama mtu asiye na hakika kwamba anasikika.

Fundi aliingia ndani akaleta daftari. Akawa anakanyaga, anashuka, anaandika, anaongeza mafuta kwenye kopo la juu lisije likakauka na kuvuta upepo mpya. Nyuma kushoto walitoka kumi na mmoja, nyuma kulia tisa. Kadiri walivyotoka, pedali ilizidi kukaza.

Jirani yake Rabia alipita na ndoo, akasimama kusikiliza.

"Bado wengi?"

"Mbele bado. Na klachi."

"Basi nitakuletea uji."

Magurudumu ya mbele yalitoa ishirini na wawili. Bomba la klachi ni fupi, lilikuwa na kiputo kimoja tu.

"Ni mimi Manirambona, wa Nyabibuye. Mke wangu Generosa anatokwa damu. Tumekaa barabarani. Tafadhali. Tafadhali. Tafadhali."

Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Siku ile alisema tafadhali mara tatu. Bomba lilikuwa limezitunza zote tatu. Aliandika na hilo, kwa mwandiko uleule, akakaa juu ya kadibodi mpaka uji wa Rabia ukapoa.

Alipokanyaga tena, breki ilisimama juu, ngumu kama jiwe. Halafu ikazama nusu. Akarudi kwenye gurudumu la mbele kulia, akafungua.

"Asnath hapa, muuguzi, Nyabibuye. Ni leo. Ndayikunda, mimba ya kwanza, mtoto amekingama tumboni."

Alikaza nati, akaliwasha gari, akaondoka na mafuta mikononi. Kwenye miteremko yote mitatu ya njia ya Nyabibuye breki zilishika. Asnath alimpokea mlangoni pa zahanati.

"Nani kakwambia?"

"Wewe."

"Nilisema peke yangu, dirishani."

"Ilifika."

"Haya, shika huku, tumbebe."

Ndayikunda alijifungulia hospitalini Kibondo saa kumi jioni, mtoto wa kike, wote wazima. Mama yake Ndayikunda alimshika Manirambona mikono yote miwili, akamshukuru, "Urakoze, urakoze," mpaka sauti ikamkauka.

Jumatatu alikwenda Kasulu na daftari. Omary, aliyetunza mafaili ya mashirika yaliyoondoka, alifungua la gari hilo. Ukurasa wa mwisho ulisema: Gari lilisimamishwa kwa kukosa wahitaji.

Manirambona aliweka daftari mezani. Omary alisoma watu wote arobaini na watatu, akavua miwani.

"Nayaamini yote, mzee wangu. Ila faili limefungwa."

"Lifungue."

"Waliolifunga hawapo."

Akaligonga daftari muhuri wa kupokelewa, akaliweka chini ya faili. Sentensi ile ilibaki kama ilivyokuwa.

Wakati wa kurudi, pale Makere, mwanamke mwenye kapu la maharage alimpungia mkono asimame.

"Hili ndilo lile tulilosikia kwamba linaitikia?"

"Ndilo, mama."

"Binti yangu ana mimba ya miezi saba. Nataka lijue mapema."

Alitua kapu, akapiga magoti kando ya gurudumu la nyuma, akaanza kulieleza: jina la binti, nyumba yao, mahali daraja lilipobomoka na njia ya kuzunguka. Manirambona alizima injini ili lisikie vizuri, akangoja amalize.