Viputo Chini ya Jani

Kila asubuhi mama mkwe alichovya kitambaa katika bakuli la mafuta ya kupikia, mkamwana wake akashika jani, na kitambaa kikapita juu, kisha chini, mpaka jani likang'aa kama kiatu kipya. Mimea hiyo ya vyungu waliikodisha maofisini, na maofisini watu wanapenda vinavyong'aa. Leo jani lilibaki mkononi mwa mkamwana. Lilikuwa limekatika lenyewe, njano tupu. La pili nalo likafuata.

"Basi!" Mama mkwe alitupa kitambaa. "Yananyonyoka kama manyoya ya kuku! Namwita mnunuzi aje abebe vyungu vyote."

Akapiga simu palepale. Mnunuzi akasema hayuko mbali.

Mkamwana aliitwa Kimya, kwa kuwa tangu aolewe maneno yake yalikuwa "ndiyo mama" na "asante mama", basi. Chuoni alisomea mimea. Alijua jani lina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, vingi upande wa chini, na humo ndimo hewa inamoingia na kutokea. Zamani mama mkwe alipaka juu tu. Kisha mteja mmoja akausifia mng'ao, naye kwa furaha akaanza kupaka na chini. Kimya aliona, akaendelea kumshikia majani. Utamwambiaje mama aliyelea watoto kwa kazi hii kwamba anaiharibu kwa mkono wake mwenyewe? Lakini vyungu vikiondoka, zitaondoka na asubuhi hizi, saa pekee ambazo Kimya hakujiona mgeni katika nyumba ile.

Akaenda nyuma ya tangi la maji, kwenye chungu ambacho kitambaa hakikuwahi kukifikia, akachuma jani. Akachuma na moja lililopakwa. Akayazamisha katika glasi mbili za maji ya moto.

"Chai gani hiyo, we mtoto? Unataka kuniua kabla sijauza?"

"Naomba uangalie, mama."

Mama mkwe akavaa miwani, akainama mpaka pua ikagusa glasi. Chini ya jani lisilopakwa viputo vilijipanga kama shanga, vikapanda juu kimoja kimoja.

"Hee! Linapumua!"

"Ni hewa iliyomo ndani, mama. Inatokea chini."

"Na hili la pili mbona limenuna?"

"Limezibwa."

Honi ikalia nje. Mnunuzi alikuwa anafungua mlango wa gari.

"Limezibwa na nini? Sema, mwanangu, mtu huyo getini!"

Kimya alitazama kwanza vidole vyake, kisha uso wa mama mkwe.

"Na mafuta, mama. Tukiyaosha majani kwa maji na sabuni kidogo, mengi yatapona. Usiuze. Naipenda kazi hii, na nataka tuifanye pamoja, mimi na wewe."