Chale Chini ya Milango

Mama alikuwa na siri moja tu nyumbani mwake, na siri hiyo aliichonga mwenyewe kwa kisu cha jikoni. Macho yalipoanza kumfifia, alikata chale ndogo kwenye ukingo wa chini wa kila mlango wa kabati. Chale moja, vikombe. Mbili, unga. Tatu, sukari na majani ya chai. Mlango wa sabuni na dawa ya mende aliupa chale tano, asije akajiua kwa haraka zake. Kidole gumba kikipita pale, mkono ulijua pa kwenda, na mgeni aliyeketi mezani angeapa kwamba bibi huyu anaona hadi sindano iliyoanguka.

Binti yake naye alikuwa ameapa. Alikuwa mwalimu mkuu, mtu wa neno moja. "Mama, siku nikijua huoni, siku hiyohiyo unahamia kwangu. Sitaki kupigiwa simu kwamba umeungua." Hakusema kwa ubaya, na ndiyo maana Mama aliogopa.

Basi vanishi ya makabati ikababuka, binti akaona aibu, akaja na fundi seremala.

"Mbao hizi ni ngumu, za zamani," fundi alisema, akigonga mlango. "Nikizipiga msasa na kupaka vanishi, zitatuzika wote. Au tuache maboksi yenyewe, tuyabandike sura mpya, na milango tuweke mingine. Ile ya unga wa mbao uliogandishwa, juu ina ngozi ya plastiki. Inang'aa, lakini si mbao."

"Msasa," Mama akawahi.

"Mama jamani! Vumbi la wiki mbili, na kifua chako hicho?"

"Kifua kilichovumilia moshi nikikupikia uji, leo kitashindwa na vumbi?"

Simu ya binti ikalia, akatoka uani kuipokea. Fundi akapitisha kidole chini ya mlango. Akapitisha kwenye mlango wa pili.

"Mama, nishikie hii futi."

Mama akanyoosha mkono, akashika hewa. Fundi hakucheka wala hakuuliza. Aliuchukua ule mkono taratibu, akaiweka futi kiganjani, akamkunjia vidole juu yake.

"Nikipiga msasa, kingo za chini sitazigusa," akanong'ona.

"Usimwambie."

"Nimwambie nini? Mimi nimeitiwa makabati."

Na alipambana kweli. Binti aliporudi, fundi alimweleza kwamba plastiki hubanduka kwa mvuke, kwamba bawaba hulegea kwenye mbao za namna ile. Binti akamkata: "Fundi, anayelipa ni mimi au wewe?" Ikawa milango mipya.

Kazi ilichukua siku tatu. Mama alikaa kwenye kigoda akisikia milango yake ikibebwa kwenda nje, mmoja baada ya mwingine. Siku ya tatu, alasiri, fundi akamshika mkono na kuupeleka chini ya mlango mpya wa kwanza. Chale moja. Wa pili, mbili. Alikuwa amezikata zote, mahali palepale. Mama akampigapiga begani.

Kesho yake asubuhi binti akaja kukagua, fundi akimsubiri. Kwenye mbao za zamani, chale zilionekana kama uzee tu. Kwenye plastiki nyeupe zilikuwa vidonda vya kahawia, mtu angeviona toka mlangoni.

"Fundi! Hii milango mipya imetafunwa na panya?"

"Patasi iliniteleza, dada. Nisamehe."

"Iliteleza! Hapa mara moja, hapa mara mbili, hapa tatu. Patasi yako imesoma hesabu?" Sauti ikapanda. "Na mimi nilivyokupigia debe kwenye kamati ya shule upewe kazi ya madawati yote! Nawapigia sasa hivi wakufute."

Mama alimsikia fundi akikusanya vyombo vyake, kimoja kimoja, polepole, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kunyamaza.

"Mwache," Mama akasema. "Hizo ni zangu."

"Nini zako?"

"Chale. Ndizo macho yangu. Sioni, mwanangu. Tangu mwaka juzi."

Manukato ya binti yakasogea karibu. "Nimevaa rangi gani?"

Mama akabahatisha. "Bluu. Wewe hupenda bluu."

Binti akajishusha sakafuni, akalia. Alipopata sauti, alimwomba fundi radhi, akamwambia madawati bado ni yake. Kisha akamgeukia mama yake: gari la kumhamishia kwake lingekuja Jumamosi.

"Ungeniacha tu, mama," fundi alisema chini chini. "Maneno hayaui."

"Wewe una watu wanaokula kwa mikono hiyo. Kaa unywe chai. Hii ya mwisho humu nipike mimi."

Kidole gumba kikapita chini ya mlango wa kwanza, wa pili, wa tatu. Chale tatu. Akaufungua, akapeleka mkono pale kopo la sukari lilipokaa miaka yote. Hapakuwa na kitu. Kopo lilikuwa limeshafika mikononi mwa binti yake.

"Keti tu, Mama," binti alisema kwa upole. "Nitakuwekea mimi."

Mama akaufunga mlango, akaketi.