Mvua Chini ya Mabati

Katika miaka ya mwisho ya utawala wa Mwingereza, ulianzishwa Njombe mfuko wa nyumba kwa ajili ya vijiji vidogo. Mwenye nyumba na majirani zake walifyatua matofali na kusimamisha kuta. Mfuko ulileta mabati na misumari. Mwenye nyumba alilipa kidogo kidogo kila baada ya mavuno, ili fedha ile ile imwezekee mwingine. Lakini nyumba isiyokaliwa, mabati yake yalishushwa yakapewa aliyekuwa akingoja.

Pale Makambako, wa kwanza kuyapata alikuwa mjane wa Kibena, Tabea, mama Manase. Mimi, mshona kanzu na imamu wa msikiti wetu mdogo, nilichaguliwa kuwa shahidi wa mfuko, kwa kuwa, walisema, anayesalisha watu hatasema uongo.

Kila alfajiri nilipita mbele ya nyumba ile, na jambo moja likanishughulisha. Umande wa mlangoni ulikuwa haujakanyagwa, ilhali kibanda cha jiko nyuma yake, kilichoezekwa kwa nyasi, kilifuka moshi, na kikohozi cha Bibi Dorika, mama mkwe wa Tabea, kilisikika humo. Nikamwuliza Tabea.

"Mama Manase, mlango ule haufunguliwi?"

"Unafunguliwa, Shehe. Mahindi yanaingia na kutoka."

"Na watu?"

Akacheka, akaufungua. "Ingia, utazame juu."

Upande wa ndani wa mabati ulikuwa umejaa matone. Moja likanidondokea shingoni, likateremka mgongoni mpaka nikaruka. Nje hapakuwa na wingu.

"Tukilala humu hunyesha zaidi," akasema. "Pumzi zetu hupanda, zikakuta chuma cha baridi, zikaturudia."

Nilikuwa nimesoma habari za mvua ishukayo kutoka mbinguni kwa rehema ya Mola. Hii itokayo vifuani mwa watu sikuwahi kuisoma. Nikasimama nikiistaajabia hadi kofia ikalowa.

"Karani wa mfuko anakuja kesho," akasema Tabea. "Mwambie tunalala humu."

"Nitamwambia nilichokiona."

"Basi umekwisha kuyashusha mabati yangu kwa ulimi wako," akasema, akaenda zake bila kuniaga.

Karani Agustino, kijana wa Njombe, alifika ukungu ungali umetanda. "Shehe, wanakaa humu?"

Tabea alinikazia macho. "Hapana," nikasema. "Wanalala jikoni. Lakini kabla hujaandika, keti humu kidogo."

Akaketi. Tone likaanguka juu ya karatasi yake, wino ukatawanyika. Likafuata jingine. Akakunja kola ya koti, akainuka, akaelekea jikoni mwenyewe.

"Kamwene, karani," akamsalimu Bibi Dorika kando ya moto, akimpa kiazi cha kuchoma. "Kula kwanza, ndipo utunyang'anye."

"Bibi, mbona huku hakudondoki?"

"Tazama juu." Juu yetu palikuwa na dari la mianzi lililokandikwa udongo, na mahindi yamepangwa juu yake. "Ile nyumba yenu mmeivika kofia ya chuma kwenye upara. Hata huyu Shehe amevaa ya kitambaa."

Agustino akamgeukia Tabea. "Na wewe, mama, kwa nini hukuweka dari?"

"Ramani yenu haina dari. Niliogopa kuongeza kitu, msije mkaninyima."

"Haina dari kwa sababu mfuko hauna fedha ya dari! Nani alikukataza mianzi?" Akacheka, kisha akajikaza. "Nitarudi mwezi ujao. Nikikuta watu, mabati yabaki. Nikikuta mahindi peke yake, nitayashusha, na mama yangu ataninunia, maana naye huko kwetu analala jikoni."

Alipoondoka, Tabea akaniletea panga. "Shehe msema kweli, mianzi iko bondeni."

"Ile inayogemwa pombe ya ulanzi?"

"Unaikata, hukuambiwa unywe!" akadakia Bibi Dorika.

Nikashuka bondeni na majirani. Tulikata, tukapasua, tukafunga kwa kamba. Wanawake wakakandika udongo, nao ukakawia kukauka kwa sababu ya ukungu, hata Tabea akaanza kuhesabu siku kwa vidole. Mwezi ulikaribia kuisha.

Kisha alfajiri moja, nikienda kuadhini, nikasimama njiani. Umande wa mlangoni ulikuwa umevurugwa na nyayo, kubwa na ndogo. Jiko lilikuwa kimya. Na kikohozi cha Bibi Dorika, alhamdulillahi, kilitoka chini ya mabati.