Viti Viwili vya Mninga

Jumapili nyingine ilifika, na Rosalia alikuwa amekwisha kasirika hata kabla ya kuinjika chai.

Viti vipo. Hilo lieleweke kwanza, maana mtu akisikia habari za nyumba hii anaweza kudhani ni ufukara. Viti viko viwili, vya mninga, vizito, vyenye mikono, na kavichonga mwenye nyumba mwenyewe, Alfonsi, Mmakonde ambaye vinyago vyake Temeke nzima inavijua. Alivichonga mwaka ule wa Azimio la Arusha kwa ajili ya mgeni mmoja tu, Sajenti Fakihi wa Kinondoni. Na tangu siku hiyo, Fakihi akiwa humu ndani, hakuna mwanamume kati ya hao wawili aliyewahi kuvikalia. Kuku wa Rosalia ndio wanaovifaidi.

Sababu? Jamani, afadhali usiulize. Wote wawili walikuwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, wakapelekwa Boma, ng'ambo huko Asia, kupigana na Wajapani. Alfonsi alikuwa koplo, na koplo hakai mbele ya sajenti mpaka sajenti akae kwanza. Haya, basi si sajenti akae! Thubutu. Kule Boma Fakihi alipigwa risasi ya nyonga, na Alfonsi akambeba mgongoni milimani, kwenye tope na mvua isiyokatika, mpaka wakawafikia wenzao. "Nilimlilia akae angalau apumue," Fakihi husema kila Jumapili, kama vile Rosalia hajapata kusikia. "Hakukaa. Sasa mtu wa namna hiyo, shemeji, mie nitangulieje kukaa mbele yake?"

Basi ndiyo ikawa hivyo. Misa ikiisha, Fakihi anatokea na kanzu yake safi, nyonga imeinama upande, amepanda mabasi mawili kuja huku. Alfonsi anamngoja mlangoni, visigino vimegongana, mkono kwenye paji la uso.

"Afande!"

"Acha hayo, ndugu yangu. Mie si afande wa mtu. Ingia ukae."

Mgeni huyo anamkaribisha mwenye nyumba!

"Kaa wewe kwanza, afande."

"Siwezi. Wewe kwanza."

Na hapo mazungumzo ya viti yanakwisha, wanaanza mengine, wima, mpaka alasiri. Chakula wanalia dirishani, sahani zimewekwa kwenye kizingiti kama watu waliofukuzwa msibani. Rosalia anahangaika na kuku, anampeleka kwa balozi wa nyumba kumi, Mzee Marijani, achinjwe ili Fakihi naye ale kwa amani, anapika wali wa nazi, halafu watu wazima wawili na akili zao wanaula wamesimama! Siku moja aliwaambia atahesabu moja, mbili, tatu, wakae pamoja. Wakakubali. Alipofika tatu kila mmoja akainama nusu, akamtazama mwenzake, akangoja. Wakabaki wamechuchumaa hewani kama walioshikwa na tumbo shambani, hadi Rosalia akatoka nje asije akatukana.

Rosalia alikwisha hata kumwita Marijani. Balozi alikuja na shati lake la chama, akawahutubia vizuri tu, kwamba siku hizi hakuna ukubwa wa kikoloni, sote ni ndugu, wakae. Wakamwitikia, "Ndiyo, Ndugu Balozi," na wakazidi kunyooka. Marijani akatazama kiti, akawatazama wazee, akaona haya kukaa peke yake. Akasimama nao mpaka chai ikaisha! Rosalia alitaka kulia.

Yote hayo angeyameza, kama si mguu.

Mguu wa kushoto wa Alfonsi ulikuwa na kidonda cha siku nyingi, juu ya kifundo, cha mishipa. Wiki nzima akiwa chini anachonga, gogo amelibana kwa nyayo zake kama wafanyavyo kwao Newala, kidonda kinatulia, kinaanza hata kujifunga. Ikifika Jumapili anasimama kutwa, na Jumatatu kimefumuka upya, kinanuka. Safari ya mwisho daktari hakuzunguka maneno. Alisema mguu huu ukiendelea kusimamishwa hivi utakatwa. Na mchongaji asiye na nyayo mbili za kubania gogo atachonga nini? 

Kumwambia Fakihi hakuruhusiwa. Alfonsi alimkataza kwa ukali ambao hajapata kumwonyesha tangu amuoe. Suruali ndefu ilivaliwa, kidonda kikafichwa, na Fakihi hakujua lolote.

Asubuhi hiyo basi, alipomwona mumewe anafunga kitambaa juu ya uvimbe uliowiva kama papai, Rosalia alishindwa.

"Baba Sesilia, leo unakaa. Akija, akutane nawe umekaa."

"Haiwezekani."

"Haiwezekani kitu gani? Vita vimekwisha zamani! Mwingereza kaondoka, bendera imeshuka, hao waliokupa huo ukoplo wenyewe wako kwao wanafuga mbwa! Unamsimamia nani?"

Alfonsi akavuta suruali ikafunika kitambaa.

"Fakihi si sajenti," akasema.

"Unasemaje?"

"Walimvua tepe. Nilipombeba nilitupa bunduki yangu, Mama Sesilia. Singeweza vyote viwili. Na askari aliyetupa bunduki Keya hana maisha. Walipotuuliza, Fakihi akiwa kwenye machela, akasema, mie ndiye niliyemwamuru aitupe. Uongo mtupu. Nilipoitupa alikuwa hajitambui! Wakamvua tepe zote tatu, akarudi nyumbani askari wa kawaida kabisa. Mie nikabaki koplo." Akanyanyuka kwa kushikilia ukuta. "Hakuna mtu duniani anayemsimamia Fakihi isipokuwa mie. Nikikaa, nitakuwa nimemvua mara ya pili."

Hilo likamuudhi Rosalia zaidi. Angalau zamani alikuwa na hakika kwamba ni wajinga.

Fakihi akaja. "Afande!" "Acha hayo, ndugu yangu." Yakawa yale yale. Chai ikaletwa, ikawekwa dirishani. Fakihi akaanza habari za bei ya mchele Kinondoni, na Alfonsi akawa anaitikia kwa sauti nyembamba, jasho linamtoka, bega limeegemea ukuta. Rosalia alikuwa mlangoni na sinia mkononi. Akatazama sakafuni, akaona kiatu cha kushoto kinaacha alama nyekundu kwenye saruji aliyoipiga deki alfajiri.

Sinia likaanguka, au alilitupa, hata mwenyewe hakujua.

"Shemeji Fakihi, mtazame mguu! Mvue kiatu umtazame! Kila ukija hapa kusimama unamla mguu! Daktari kasema utakatwa, na huyu hataki ujue, na mie nimechoka! Nimechoka na Boma yenu, nimechoka na heshima zenu! Mnapendana? Basi kaeni!"

Alfonsi alisema, "Rosalia!" kwa jina lake, jambo asilolifanya mbele ya watu. Fakihi aliinama, taabu na nyonga yake, akapandisha suruali. Akakifungua kitambaa, na harufu ya kidonda ikampata.

"Tangu lini?"

"Ni mkwaruzo tu, afande."

"Kaa."

"Wewe kwanza, afande."

Fakihi alinyooka. Rosalia alikuwa akimjua kama mzee mpole wa kanzu, mcheshi, mwenye kukohoa kidogo kabla ya kusema. Huyu aliyenyooka hakukohoa.

"Koplo Alfonsi! Mie ni nani?"

"Sajenti Fakihi, afande!"

"Siku zote nakukatalia jina hilo. Leo nalipokea. Sasa ni amri. Kaa!"

Na Alfonsi akakaa. Alikaa kwenye kiti cha mninga alichokichonga kwa mikono yake mwenyewe, akashika mikono ya kiti, na machozi yakamtoka bila aibu. Rosalia akasema Mungu mkubwa. Kisha akageuka, akamkuta Fakihi bado amesimama wima.

"Na wewe je?"

"Huyu anakwenda hospitali sasa hivi," Fakihi akajibu, na akageuza mgongo mbele ya kiti, akachuchumaa. "Panda, koplo."

"Afande, nyonga yako..."

"Nimesema panda!"

Hapo Rosalia akaona kweli ameolewa kwenye nyumba ya wendawazimu. Alitoka mbio akamwita Marijani, na Marijani akaja na mkokoteni, mzima kabisa, magurudumu mawili, na vijana wa kuusukuma. Fakihi akaupita. Mzee mwenye nyonga mbovu, kanzu ameikunja kiunoni, amembeba mzee mwenzake mgongoni kwenye mchanga wa Temeke, jua la saa sita, watu wametoka kwenye vibaraza kushangaa, na mkokoteni mtupu unawafuata nyuma!

Rosalia alirudi ndani, akajitwika kile kiti kichwani, akawafuata nacho. Alikuwa akigomba njia nzima. Aligombea nyonga, aligombea mguu, aligombea Keya na Mjapani na aliyevumbua tepe.

Walipofika karibu na soko, hospitali ikiwa bado mbele, nyonga ya Fakihi ikaanza kukataa. Akasimama. Mshipa wa shingo ulikuwa umemvimba, na pumzi inatoka kwa filimbi. Rosalia akawapita, akakitua kiti mchangani mbele yake, akakifuta kwa upindo wa khanga.

"Kaa, shemeji," akasema, na safari hii hakufoka. "Nakuomba. Kidogo tu."

Fakihi alikitazama kile kiti kwa tamaa, kama mtu wa saumu atazamavyo maji.

"Nikikaa," akasema, "sinyanyuki naye tena."

Mgongoni pake Alfonsi akainua kichwa polepole.

"Ndivyo nilivyokujibu kule, afande," akasema. "Uliponililia nikae."

"Najua, koplo. Ndivyo ulivyonijibu."

Rosalia alisimama kati ya kiti na wanaume wale wawili. Maneno aliyokuwa ameyalimbikiza miaka yote, ya chai iliyopoa na wali wa dirishani, yalimjaa mdomoni, na hakuona pa kuyapeleka. Akajifuta macho kwa khanga ile ile yenye vumbi la kiti. Kisha akainama, akakinyanyua kiti, akajitwika.

"Haya, twendeni basi," akafoka. "Mmesimama mnangoja nini?"