Kwenye Keria ya Alimasi

Kila Ijumaa baada ya swala ya alasiri, Mwasiti aliupaka mawese mnyororo wa baiskeli. Mafuta ya mashine yalikuwa hayapatikani tena Rumonge, na mawese hayana ubaya, ila yanaita sisimizi. Aliwakung'uta kwa pindo la kitenge, akaifuta kengele, akajitanda mtandio. Baiskeli ikajitoa ukutani, ikasimama mbele ya mlango, ikamngoja apande.

Desturi hiyo aliianza mume wake, Alimasi, tangu mwaka wa Uhuru. Alikuwa fundi cherehani. Wiki nzima miguu yake ilikanyaga bila kufika popote, kwa hiyo Ijumaa alitaka impeleke mahali. Mwaka ule komine, yaani serikali ya pale Rumonge, ilikuwa imepanda bustani tatu kando ya mto, na njia haikuwa na mlima hata mmoja. Walitoka mtaa wa Waswahili, wakafuata ukingo chini ya michikichi, wakapita bustani ya bendera, kisha ya mabenchi, kisha ile ya mwisho inayotazama ziwa, wakarudi kwa upande wa soko kabla ya magharibi. Mwasiti alikaa ubavu kwenye keria, mkono mmoja kiunoni mwa mume, mwingine umeshika mfuko wa maandazi.

"Mke wangu, unanenepa," Alimasi alikuwa akisema.

"Kanyaga, baba. Uzito ni wa maandazi."

Mwaka wa sabini na mbili, mwezi wa tano, Alimasi alishushwa na askari baiskelini pale kwenye daraja la mto, akapandishwa lori pamoja na wanaume wengine. Alikuwa anapeleka kanzu ya mteja. Ijumaa iliyofuata baiskeli ilirudi yenyewe, magurudumu yamejaa matope, kanzu ikiwa bado imefungwa kwenye keria, safi.

Kabibi, jirani yao, alikuwa barazani anapepeta mchele.

"Dada Mwasiti, kinga yenu imerudi," akasema, akiionyesha baiskeli kwa ungo.

"Nimeiona."

"Lakini yeye hayuko juu yake."

"Tazama springi za kiti."

Kabibi akatazama. Springi zilikuwa zimebonyea, upande wa kushoto zaidi, kama alivyozoea kukaa Alimasi.

"Eh, kumbe yuko mwenyewe," akasema. Akaendelea kupepeta.

Mwasiti akapanda. Baiskeli ilifuata njia ileile, bila haraka, ikipunguza mwendo kwenye mashimo kama zamani. Ilipopita bustani ya mabenchi, iliacha njia, ikaingia kwenye matete, ikasimama mahali penye udongo mpya, mpana kama ua wa msikiti. Kengele ikalia. Ikangoja muda wa mtu kusoma Fatiha. Mwasiti akaisoma, akamalizia na ya pili kwa ajili ya wale wengine, na baiskeli ikarudi njiani. Waliokuwa wamekaa kwenye mabenchi walikuwa wanatazama maji.

Akaenda kwa Shehe Kassimu.

"Shehe, nataka kukaa eda. Na mume wangu asaliwe."

Alikuwa amekwisha kununua kitambaa cheupe. Alitaka kukaa ndani miezi minne na siku kumi, kama mama yake alivyokaa, na kama bibi yake alivyokaa, watu waje wamwambie pole, kisha atoke akiwa mjane anayejulikana kuwa mjane. Hakuwa akitaka kitu kingine.

Shehe alikuwa mtu mwema, mwenye watoto wengi. "Nipe maiti, mama," akasema. "Ama nipe mashahidi wawili."

"Panda keria, Shehe."

Ijumaa ile Shehe Kassimu akakunja kanzu yake, akapanda. Alikuwa mzito, na baiskeli ilisikika ikihema kwenye daraja. Watu waliwasalimu njia nzima: "Amahoro, Shehe! Amahoro, Alimasi!" Aliporudi, macho yalikuwa mekundu.

"Nilimshika kiuno nisianguke," akasema. "Ni yeye, na ni baridi. Inna lillahi. Mimi ni shahidi mmoja. Wa pili ni nani?"

Aliuliza msikitini baada ya swala. Karibu wote walikuwa wanakaa upande wa mto, na lori halikupita kimyakimya. Wanaume wakaanza kutafuta kandambili zao. Ijumaa nyingine akauliza tena, na kandambili zikatafutwa tena. Alimfuata Radjabu, mfanyakazi wa bustani, ambaye siku zile za lori aliitwa aende na koleo lake.

"Mimi, Shehe, namwagilia maua tu," akasema Radjabu.

Na kweli yalikuwepo maua. Komine ilikuwa imemwagiza apande mekundu juu ya ule udongo, ukazungushwa waya, ikawa bustani ya nne. Askari akawekwa mlangoni. Ijumaa ya kwanza aliisimamisha baiskeli.

"Mama, hii kinga nani anaiendesha?"

"Mume wangu."

"Mwambie asikanyage maua."

"Mwambie mwenyewe. Si yupo?"

Askari akatazama springi, akanyoosha kofia. "Bwana, usikanyage maua."

Kengele ikalia kidogo, kwa adabu.

"Murakoze," akashukuru Mwasiti. "Sasa twende msikitini, useme kwamba umezungumza naye hapa."

"Mama, pita."

Akapita. Tangu siku ile baiskeli haikuingia tena ndani. Ilizunguka waya, ikasimama upande wa matete.

Mwaka wa nne Shehe Kassimu alikuja nyumbani, akaketi mkekani, akanywa chai. Mvi zilikuwa zimemjaa. Alisema amepata njia. Mke wa mtu aliyepotea husubiri miaka minne, kisha hufunguliwa.

"Nitatangaza kwamba Alimasi alipotea. Utakaa eda yako, binti yangu. Utapumzika."

Mwasiti akalitazama sanduku. Kitambaa cheupe kilikuwa humo, kimeanza kugeuka manjano kwenye mikunjo. Alikuwa amechoka, Mungu anajua.

"Shehe, aliyepotea si yule asiyejulikana aliko?"

"Ndiye."

"Wewe unajua aliko Alimasi?"

Shehe Kassimu akaanza kutafuta kandambili zake. Zilikuwa mbele yake, pembeni mwa mkeka.

"Basi hakupotea," akasema Mwasiti. "Siwezi kumwongopea mume wangu mbele ya Mungu ili nipumzike. Ongeza chai, Shehe."

Ilikuwa Ijumaa. Shehe alipoondoka, Mwasiti aliupaka mnyororo mawese, akawakung'uta sisimizi. Akakaa ubavu kwenye keria, akauweka mkono pale pa siku zote. Wakapita bendera, wakapita mabenchi, wakazunguka waya. Kengele ikalia juu ya maua, naye akasoma.

Walirudi kwa upande wa soko. Wauza dagaa walikuwa wanafunga meza, na Radjabu alikuwa amesimama nao, koleo begani. Wote wakainua mikono.

"Amahoro, Alimasi!" wakaita. "Wasalimie nyumbani!"