Barafu Ndani ya Koki

Chuo kilituazima mashine ya kukamua mafuta kwa wiki mbili, na leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho. Jioni wanachama wa kikundi chetu hapa Bariadi wangenyoosha mikono: tuiombe ibaki, au irudi. Mimi, Mboje, ndiye niliyewashawishi waijaribu. Ikirudi, inarudi na jina langu.

"Eti hewa inakamua mbegu za pamba," alicheka mzee Masalu, baba yangu mkubwa. "Ngosha, kijana wangu, hewa hata chai haipoozi mpaka uipulize."

"Ni hewa ukaa, baba, ileile unayoitoa puani. Ukiibana sana na kuipasha joto kidogo, inakuwa si hewa wala maji. Inapenya kwenye mbegu zilizosagwa, inabeba mafuta. Ukiilegeza inapoa ghafla, inaruka zake, mafuta yanabaki."

Nikawasha. Pampu ikanguruma, mshale wa geji ukapanda. Nikafungua koki. Likadondoka tone moja. La pili halikuja.

"Imekufa!" mtu akapiga kelele.

Nilizima, nikashusha presha polepole, nikaing'oa koki. Ndani mlikuwa na barafu. Barafu, Bariadi, saa tano asubuhi! Nikafumbata unga wa mbegu kiganjani; ukashikana kama ugali.

"Nani kamwagia maji mbegu?"

Mayu Milembe, mama mwenyekiti wetu, aliligusa gunia moja, likamlowesha vidole. "Masalu, hili si lako?"

Mzee akakohoa. "Kidogo tu. Si tumepimiwa mlangoni? Hata pamba ya kuuza tunainyunyizia, mizani ishuke vizuri."

"Baba, pale unamwibia mnunuzi. Hapa mnunuzi ni nani? Mizani ni yako, mafuta ni yako!"

Wenzake walicheka mpaka mzee akavua kofia. Alitandaza turubai juani, akamwaga mbegu zote za kikundi, akazigeuza kwa miguu mitupu hadi saa tisa. Tulisaga upya, nikawasha tena.

Safari hii mafuta yalitiririka, membamba, ya manjano. Kwenye kinu cha zamani hutoka meusi kama oili ya trekta. Mayu Milembe alijipaka mkononi, akanusa mara mbili.

"Maabara ya chuo wakiyapitisha, nayapikia wajukuu," akasema. "Haya, wanaotaka ibaki?"

Mkono wa kwanza ulikuwa wa mzee Masalu.

"Ibaki," akasema. "Ila mlangoni tupime ukavu kwanza, ndipo uzito. Na muanze na mimi."