Kitako cha Shaba

Alama ilirudi asubuhi ya nne, pale pale, pana kama kidole gumba. Mume wangu Ambilikile aliitazama kwa muda mrefu, kisha akachukua kikwanguo akainama tena.

Ulikuwa mwaka mmoja kabla ya vita, katika karakana ya Wadachi pale Mwaya. Alichokuwa akikwangua ni kitako cha shaba kinachobeba shafti ya meli ya moshi, ule mhimili wa chuma unaozungusha rafadha. Ilitakiwa shafti ilale ndani ya kitako pasibaki nafasi hata ya unywele. Basi aliipaka shafti rangi ya bluu, akailaza, akaizungusha, akaitoa. Palipoinuka kitakoni palidaka rangi. Alipakwangua kidogo tu, akapaka upya, na hivyo hivyo kutwa nzima, mpaka jioni bluu ikaenea kote sawasawa. Kila asubuhi alipojaribu tena, rangi ilidakwa mahali pamoja tu.

Kazi ile aliianza Angetile, fundi wa Ikolo aliyemfundisha mume wangu. Hakuimaliza. Masika yaliyopita aliteleza melini akiwa na kopo la mafuta mkononi, ziwa likamchukua. Mwili haukupatikana.

Siku hiyo ya nne Ambilikile aliniita. Mimi ni Mkisi, kabila la wafinyanzi. Nimelainisha vyungu kwa kokoto tangu utotoni, na kidole changu hukuta kinundu ambacho jicho halikioni.

"Mama Felista, niambie pameinuka kiasi gani."

Nilipitisha kidole. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na shaba ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Pote palikuwa laini. Penye alama palikuwa laini kuliko kwingine, tena pana joto, kana kwamba mtu ameondoa kidole chake hapo sasa hivi.

"Hapajainuka," nikasema. "Acha kukwangua, Baba Felista. Utakiharibu."

"Bluu haidanganyi."

"Na mimi je?"

Akashika tena kikwanguo.

Fundi mkuu, Mdachi mmoja mwenye ndevu nyekundu, alikuwa amechoka kungoja. Aliamuru kitako kifungwe na meli ijaribiwe mchana ule ule. Nikaomba nipande na mume wangu. Akacheka, akaniruhusu.

Tulipokaribia Matema, wadudu wa ziwani walikuwa wamesimama juu ya maji kama moshi wa pori linaloungua. Meli ikaingia humo. Jua likapotea, tukafunika pua kwa nguo. Ndipo kitako kilipoanza kulia. Ambilikile alimimina mafuta, yakafuka. Mdachi akaifunga injini.

Katika kimya kile, nje ya bati la ubavu wa meli, chini ya maji, kitu kilikwangua. Mara tatu, kikatulia. Mara tatu tena.

"Gogo," alisema Mdachi, lakini hakusogea alipokuwa.

Ambilikile alikuwa akihesabu kwa midomo. "Ni mkono wake," akaninong'oneza. "Hukwangua mara tatu, akapumua. Ndivyo alivyonifundisha."

Nilipiga magoti. Nikaweka kiganja kwenye bati. Kwa upande wa pili kitu kilikaa sawa na kiganja changu. Nilikihisi kupitia chuma.

"Angetile," nikasema, "ndaga fijo, asante sana. Kazi yako tumeipokea. Imekwisha, baba, pumzika."

Sauti ile haikusikika tena. Wadudu walipopungua, mvuke uliachiwa, na shafti ikazunguka bila mlio hadi Mwaya. Walifungua kitako, wakapaka bluu. Ilienea kote.

Mdachi alimpa Ambilikile mkono, akasema hajaona kazi safi kama ile. Ambilikile alitazama chini. Kisha alinawa, tukashika njia ya Ikolo, tukapita migombani hadi kwa Damari, mama yake Angetile. Tulimweleza yote. Tulipomaliza aliinuka, akaenda pembeni mwa nyumba, na mkeka wa matanga uliokuwa umetandikwa hapo tangu masika yale, akaukunja.